Kithai au Kilao? Ulinganisho kwa anayetaka kujifunza kwa kusikiliza nyimbo

Miezi minane nilihangaika na Kithai kwa sababu ya wimbo mmoja, ndipo nikagundua kwamba wimbo wenyewe haukuwa wa Kithai. Mwimbaji ni raia wa Tailandi, na maneno yaliyokuwa yakipita chini ya video yameandikwa kwa hati ya Kithai. Lakini kila neno nililolitafuta kwenye kamusi ama halikuwemo, ama lilikuwemo kwa maana isiyoingia kabisa. Bo. Si. Sai. Hak. Nikailaumu kamusi. Kumbe muda wote huo nilikuwa nasikiliza Kilao.

Ukitazama ramani na idadi ya watu, utaona kwa nini ni rahisi kukosea hivyo. Laos ina watu zaidi ya milioni 7. Ng'ambo ya mto Mekong, ndani ya Tailandi, kuna Isan, yaani mikoa 20 ya kaskazini-mashariki yenye watu takriban milioni 20, na wengi wao nyumbani huzungumza lugha ambayo kwa masikio ya mtu wa Vientiane, mji mkuu wa Laos, ni Kilao kile kile. Serikali ya Tailandi haipendi kuiita hivyo, na wenyewe mara nyingi husema tu wanazungumza Kiisan. Lakini hesabu haibadiliki: wasemaji wa Kilao ni wengi zaidi Tailandi kuliko Laos kwenyewe. Katika vita vya 1827 na 1828 Siam (jina la zamani la Tailandi) iliiteketeza Vientiane na kuwahamishia watu wengi upande wa magharibi wa mto. Mwaka 1893 Ufaransa ikauchukua upande wa mashariki. Mto uliokuwa njia ya watu wamoja ukageuzwa mpaka.

Kwa hiyo anayesimama dukani mbele ya vitabu viwili, kimoja cha Kithai na kingine cha Kilao, anachagua kati ya mambo matatu: Kithai cha Bangkok, Kilao cha Vientiane, na hicho cha katikati ambacho hakina kitabu chake pale dukani lakini kina nyimbo nyingi kuliko alivyotarajia.

Sikio kwanza

Jambo la kufurahisha kwa Mswahili ni kwamba tunaingia kwenye lugha hizi na akiba ambayo Mzungu hana. Sauti ya ng' mwanzoni mwa neno, inayowatoa jasho Waingereza, sisi tunayo tangu utotoni. Ng'ombe kwa Kilao ni ngua, na hiyo ng ni ng' yetu hasa. Ny pia ipo katika Kilao, kama ilivyo kwenye nyama na nyoka. Kithai cha Bangkok kimeipoteza na kubaki na y tupu.

Halafu kuna zile herufi zinazopotosha: th, ph, kh. Ukisoma Thai kwa th ya thamani, umeshakosea kabla hujaanza. Hiyo ni t yenye pumzi. Ph ni p yenye pumzi, wala si f. Waliokulia Mombasa au Lamu, ambako paa la nyumba na paa wa porini havitamkwi sawasawa, na kaa la moto halifanani na kaa wa baharini, wanaijua pumzi hiyo bila kufundishwa. Wengine tujizoeze mbele ya mshumaa: ukisema pa ya pumzi, mwali lazima ucheze.

Tatizo ni toni. Kithai kina toni 5, na Kilao cha Vientiane huhesabiwa 5 au 6 kutegemea anayehesabu. Kiswahili hakina hata moja. Lakini kama lugha ya nyumbani kwenu ni Kikuyu, Kichaga, Kinyarwanda au Lingala, umezaliwa na toni mdomoni, usijidharau. Chuo kinachowafundisha wanadiplomasia wa Marekani lugha za kigeni huweka Kithai na Kilao kapu moja: wiki 44, saa 1,100. Kwa kipimo cha ugumu, basi, hakuna cha kuchagua.

Tofauti kati ya lugha hizi mbili hufuata kanuni, kama vile wa Mombasa anavyosema ndoo, mato na ndia pale ambapo wa Unguja anasema njoo, macho na njia. Ukiishajua kanuni, huhitaji kuyakariri maneno upya. R ya Kithai kwenye maneno ya asili hugeuka h katika Kilao: ru ni hu (kujua), rian ni hian (kujifunza), ron ni hon (joto), roi ni hoi (mia). Ch ya Kithai mara nyingi hugeuka s: chang ni sang (tembo), chue ni sue (jina), na chai ya kunywa, ambayo Mthai huiita cha, Mlao huiita sa. Y nyingi hurudi kuwa ny: yung ni nyung, naye ni mbu. Konsonanti mbili zikifuatana, moja huanguka: pla ni pa, yaani samaki.

Anguko hilo la mwisho linaleta vichekesho vyake. Katika Kithai mbali na karibu ni klai na klai, zikitofautishwa na toni tu, na kuku ni kai. Katika Kilao ile l imeanguka, kwa hiyo mbali ni kai, karibu ni kai, na kuku ni kai. Mgeni akiuliza kama soko liko mbali, huenda akajibiwa kuhusu kuku.

Neno linalotawala nyimbo zote ni kupenda: Kithai rak, Kilao hak. Watu wa Bangkok wakizungumza haraka hutamka r kama l, na rak ikishakuwa lak, toni ile ile, inakuwa neno jingine lenye maana ya kuiba. Kijana anayesema anakupenda anasikika kama anakuiba. Upande wa Kilao mambo ni makali zaidi. Hak kwa toni moja ni kupenda, na hak kwa toni nyingine ni kuvunjika. Kuumizwa na mapenzi ni ok hak, kifua kilichovunjika. Kati ya kupenda na kuvunjika kuna tofauti ya sauti kupanda au kushuka tu, na watunzi wa pande zote za Mekong wanaijua vizuri sana.

Maneno utakayoyakuta kila wimbo

Msamiati wa msingi unafanana kwa kiasi kikubwa. Maji ni nam kote, jicho ni ta, mvua ni fon, moyo ni chai, kula ni kin, na kuhesabu moja hadi kumi na tisa hakuna shida kubwa. Yanayotofautiana ni machache, ila ndiyo yale madogo yanayojitokeza katika kila mstari:

| Maana | Kithai | Kilao (na Isan) |
|---|---|---|
| kukanusha | mai | bo |
| wakati ujao | cha | si |
| wapi | nai | sai |
| nini | arai | nyang |
| sana | mak | lai |
| kupendelea kitu | chop | mak |
| chakula kitamu | aroi | saep |
| kusema | phut | wao |
| kufanya | tham | het |
| kumkumbuka aliye mbali | khit thueng | khit hot |
| ishirini | yi sip | sao |

Tazama mak. Kwa Mthai ni sana, irabu ikivutwa. Kwa Mlao ni kupendelea, irabu ikikatwa. Mak lai ni kupenda sana, lakini kwa Mthai asiyejua Kilao hiyo ni sana iliyokaa mahali pasipo pake. Tazama pia khit hot: khit ni kuwaza, hot ni kufika. Mawazo yamefika kwake. Thueng ya Kithai nayo ni kufika, kwa hiyo njia ni ile ile, kinachotofautiana ni viatu. Neno hili utalisikia mno katika nyimbo za Isan, kwa sababu vizazi kadhaa vya vijana wa huko vimekwenda Bangkok kujenga maghorofa, kuendesha teksi na kufanya kazi viwandani, na aliyebaki kijijini hana la kuimba zaidi ya hilo.

Namna wapendanao wanavyoitana ni kigezo changu cha kwanza cha kutambua lugha ya wimbo. Nyimbo za pop za Bangkok hutumia chan na thoe, mimi na wewe, baridi kidogo, kama barua. Nyimbo za Kilao hutumia ai na nong, kaka na mdogo. Mwanamume ni ai hata akiimba mwenyewe kujihusu, mwanamke ni nong. Kwetu watu walioitana kaka na dada tangu utotoni jambo hili linaeleweka upesi, ingawa mpenzi kumwita kaka kunahitaji kuzoeleka. Ukisikia ai sekunde kumi za mwanzo, weka kando kamusi ya Kithai.

Hati

Hapa Kilao kinashinda bila ubishi, na bado huenda ushindi wenyewe usikufae.

Kithai kina konsonanti 44 katika maandishi, nyingi zikirudiana. Sauti ya s peke yake ina herufi nne, kwa sababu maneno yaliyotoka Kisanskriti na Kipali yamebaki na tahajia ya asili yake. Kilao kina konsonanti 27, na s ina herufi mbili. Baada ya mapinduzi ya kikomunisti ya Desemba 1975 tahajia ya Kilao ilisawazishwa ili neno liandikwe linavyotamkwa, hata herufi ya r ikaondolewa, ikaja kurudishwa baadaye kwa ajili ya majina ya kigeni. Neno la mafundisho ya dini, ambalo Kithai huliandika ธรรม, Kilao huliandika ທຳ. Matamshi ni yale yale. Mtu aliyezoea Kiswahili, lugha inayosomeka ilivyoandikwa, ataipenda hati ya Kilao ndani ya wiki chache. Hati zote mbili haziachi nafasi kati ya maneno, kwa hiyo kuna kuumiza macho kwa vyovyote.

Tatizo ni kwamba Isan hawatumii hati ya Kilao. Shule zao ni za Kithai, kwa hiyo nyimbo zao, ambazo ndizo nyingi, huandikwa maneno ya Kilao kwa herufi za Kithai. Aliyejifunza Kithai anaweza kuyasoma na asiyaelewe. Aliyejifunza Kilao anaweza kuyaelewa na asiweze kuyasoma. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nimekutana na wa pili, na yeye alikuwa na hasira zaidi.

Nyimbo zenyewe

Pop ya Kithai ni bahari. Kampuni ya GMM Grammy ilianzishwa mwaka 1983, na tangu hapo Bangkok imekuwa na studio, vituo vya televisheni, waandishi wa nyimbo wanaolipwa na nyota wasiozeeka kama Bird Thongchai McIntyre. Kizazi kipya ni cha akina Milli, aliyekula wali wa nata kwa embe jukwaani kwenye tamasha la Coachella, Marekani, mwaka 2022. Utapata roki, hip hop na mapenzi laini ya kila aina, na maneno yake yameshatafsiriwa na mashabiki kwa lugha kadhaa. Kwa wingi wa vitu vya kujifunzia hakuna mashindano.

Pop ya Vientiane ni kijito, lakini kijito chenye maji safi. Baada ya 1975 wanamuziki wengi walikimbilia Tailandi, Ufaransa na Marekani, na kwa miaka mingi muziki uliobaki ulikuwa chini ya macho ya dola. Nyimbo zilipitiwa na wizara kabla ya kutoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo vijana walipoanza kupumua. Bendi ya Cells ilileta gitaa la roki. Alexandra Bounxouei, aliyezaliwa Vientiane mwaka 1987 kwa baba Mlao na mama Mbulgaria, alileta sura ya nyota wa pop, fidla mkononi. Kundi la L.O.G. lilirap Kilao na likasikika hadi ng'ambo. Soko la watu milioni 7 halilishi nyota wengi, kwa hiyo usitegemee wimbo mpya kila siku. Faida kwa mwanafunzi ni kwamba matamshi ya Vientiane ni yale ya kitabuni, na maneno ya wimbo utayakuta kwa hati ya Kilao.

Isan ndiko roho yangu iliko, na nitapendelea waziwazi. Muziki wa asili huko na kusini mwa Laos ni lam, na mwimbaji wake ni molam: mo ni fundi, lam ni kuimba. Husindikizwa na khaen, kinanda cha mdomo cha mianzi chenye mabomba 14 au 16, ambacho UNESCO ilikiingiza katika orodha yake mwaka 2017 kwa jina la Walao. Katika lam, maneno ndiyo yanayoongoza sauti. Toni ya neno ikipanda, mwimbaji hupanda nayo; ikishuka, hushuka. Katika pop ya kisasa mtunzi hutunga sauti kwanza, na toni hujipenyeza zinapoweza. Kwa hiyo lam inakufundisha toni, na pop inakuficha. Nilipoteza miezi nikijaribu kusikia toni ndani ya nyimbo za mapenzi za Bangkok, wakati bibi mmoja na khaen yake angenipa somo hilo kwa dakika tano.

Vijana wa Isan wameuchukua mtindo huo, wakaongeza phin ya umeme (aina ya gitaa dogo), ngoma za kasi na machozi, na kuupeleka mjini. Kong Huayrai wa Sakon Nakhon ni mwanzo mzuri kwa anayetaka maneno yanayosikika wazi. Lamyai Haithongkham ni wa wanaotaka kucheza. Mwaka 2017 viuno vyake vilimkera waziri mkuu Prayut Chan-o-cha mwenyewe kiasi cha kulalamika hadharani, jambo ambalo halikumpunguzia mashabiki hata kidogo. Rasmee, anayetoka Ubon Ratchathani, anachanganya lam na soul, na nyimbo zake ndizo ninazomchezea mgeni akija nyumbani. Lisa wa BLACKPINK naye ni wa Buriram, huko huko Isan, ingawa anaimba Kikorea na Kiingereza, kwa hiyo kwa somo letu hasaidii.

Nani atakuelewa

Uhusiano huu si wa usawa. Mtu wa Vientiane amekua na televisheni ya Kithai, tamthilia za Kithai, filamu za kigeni zilizowekewa sauti za Kithai. Ukizungumza naye Kithai ataelewa vizuri sana. Mtu wa Bangkok asiye na ndugu Isan hana sababu ya kukijua Kilao, na akikisikia hushika robo, kisha hucheka.

Kicheko hicho kina historia yake. Bangkok neno Lao limetumika kwa muda mrefu kumtania mtu kuwa ni mshamba. Wathai hupenda kuuelezea ujirani wao kwa msemo wa nchi kaka na nchi mdogo, na huusema kwa upendo, lakini Walao wengi hukereka, kwa sababu wanajua nani amepewa kuwa mdogo. Ukiingia Vientiane na Kithai chako, utahudumiwa kwa adabu zote. Ukitamka bo na lai mbili tatu, muuza tambi atakuita ukae.

Kwa hiyo uchague nini

Kama unakwenda Pratunam kufunga mzigo wa nguo, au Chanthaburi kwenye biashara ya vito, jifunze Kithai na usisumbuke na mengine. Huko ni bei, rangi na namba.

Kama umepata kazi au ndoa Laos, chukua Kilao, tena anza na hati. Kithai kitakuja chenyewe baadaye kupitia televisheni, kama kilivyowajia wenyeji.

Kama huna safari na unataka tu kuelewa unachokisikia usiku ukiwa na vifaa vya masikioni, ushauri wangu utawakera walimu: jifunze hati ya Kithai, lakini maneno jifunze ya Kilao. Chukua lile jedwali hapo juu ulikariri kabla ya sarufi yoyote. Tafuta nyimbo tatu za Isan zenye maneno yaliyoandikwa, na kila ukikuta bo kumbuka kwamba ni mai ya Kithai, kila ukikuta h jiulize kama ni r ya Kithai. Programu za kutafsiri zina Kithai na Kilao zote mbili. Ukiipa sentensi ya Isan kama Kithai ikatoa upuuzi, iandike upya kwa herufi za Kilao ujaribu tena. Mara nyingi maana hutoka.

Kama unapenda pop safi ya Bangkok, ile ya chan na thoe, sahau yote niliyosema kuhusu khaen.

Siku ukifika Nong Khai, ule mji wa Tailandi ulio mbele ya daraja la kwanza la kimataifa juu ya Mekong, lililofunguliwa Aprili 1994, jihadhari na shukrani zako. Afisa wa pasipoti mwambie khop khun, maana khop chai kwa Kithai cha Bangkok huambiwa mdogo wako. Hatua mia mbele, kwa mama anayeuza saladi ya papai, bado ukiwa ndani ya Tailandi, sema khop chai lai lai.